Visanduku Viwili, Modemu Moja

Fahali wawili hawakai zizi moja. Watu huitamka methali hii huku wakicheka, tena wakipunga mkono kuonyesha kwamba jambo lenyewe si kubwa. Huwaza pembe, huwaza vumbi, huwaza fahali gani atashinda. Habari za zizi hakuna anayeziuliza. Hakuna anayeuliza uzio ulivunjwa na nani, wala ndama aliyelala pembeni alikanyagwa na kwato za nani. Maana ya methali ni kwamba wakubwa wawili, kila mmoja akitaka neno lake liwe la mwisho, hawawezi kutawala mahali pamoja na mahali hapo pakakalika. Kisa hiki ni cha nyumba iliyojaribu kubishana na methali hiyo. Msimuliaji akionekana ana hasira, asamehewe, maana hasira hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mwanamke mkalimani, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Kaka zake walimbandika jina la Kasuku tangu alipoanza kupata riziki kwa kurudia maneno ya watu wengine. Jina lilimkera mwanzoni, kisha akalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kwa miaka mingi alikuwa akiitwa hospitalini kusaidia pale daktari na mgonjwa waliposhindwa kuelewana lugha. Alisimama kwenye korido, akasema aliyoambiwa aseme, akashukuriwa kwa mdomo na kurudi nyumbani. Kazi ya kudumu hakuwa nayo.

Kisha ofisi ya wakalimani ikatangaza kuwa inatafuta watu wa kufanya kazi hiyo kwa njia ya kompyuta. Daktari angekuwa kwake, mgonjwa kwake, na mkalimani naye nyumbani kwake, wote watatu wakionana kwenye skrini. Kasuku aliandika barua ya maombi, akafanya mtihani wa maneno, akaupita. Ikabaki hatua moja tu, nayo ni kumkalimania mgonjwa wa kweli mbele ya msimamizi. Akiiweza, anaajiriwa. Akishindwa, jina linafutwa na wa nyuma yake anaitwa. Ofisi ilimwambia inahitaji vitu viwili: chumba chenye mlango unaofungwa, kwa sababu siri za mgonjwa si za kusikilizwa na kila mpita njia, na intaneti isiyokatika.

Chumba alikuwa nacho. Intaneti ndiyo iliyofungua mlango wa balaa.

Nyumba ile aliiacha marehemu baba yao. Humo waliishi mama, Kasuku na kaka zake wawili. Wa kwanza aliitwa Meneja, kwa kuwa zamani alisimamia ghala la vifaa vya ujenzi. Ghala lilifungwa, umeneja haukufungwa. Kutwa alikaa sebuleni mbele ya kompyuta yake akiandika mipango ya ushauri wa biashara, na aliyekuwa akishauriwa bado hajapatikana. Wa pili aliitwa Injinia, fundi wa simu, aliyekuwa na kibanda mtaa wa pili na karakana ndogo katika chumba cha uani. Huko alikuwa na kompyuta mbili zenye matumbo wazi, nyaya zikining'inia. Uinjinia hakuusomea. Alijipa cheo mwenyewe, na watu wakamwachia kwa kuwa hakuna aliyetaka ugomvi.

Siku waya wa kampuni ya intaneti ulipoingizwa kupitia dirisha la sebule, fundi aliyetumwa aliweka modemu juu ya kabati la televisheni, akaisubiri mpaka taa zake zikatulia, kisha akawaambia wenye nyumba:

"Hii ina tundu moja tu la waya wa kompyuta. Inaongea na kompyuta moja, basi. Nyinyi mna nne, kwa hiyo mtahitaji ruta katikati. Modemu inaleta, ruta inagawa. Kila kompyuta itaomba anwani yake kwenye ruta, kama mgeni anavyoonyeshwa chumba na mwenye nyumba. Nunueni moja, itawatosha."

Kaka wote wawili waliitikia kwa kichwa, kila mmoja kwa namna ya mtu aliyekwisha kulijua jambo hilo kabla ya fundi kuzaliwa. Fundi alipoondoka, Meneja alivaa viatu akatoka na mlango wa mbele. Injinia alivaa ndala akatoka na mlango wa uani. Walirejea kwa kupishana kidogo, na juu ya meza ya chakula yakawekwa maboksi mawili yanayofanana kama mapacha. Yalitoka duka lilelile.

"Rudisha hilo la kwako," Meneja alisema. "Mkubwa keshanunua."

"Mkubwa wa nini, kaka? Umewahi kufungua hata tochi ukaona ndani kuna nini?"

"Nimesimamia watu arobaini ghalani!"

"Na leo unasimamia televisheni."

Kasuku alicheka. Alikuja kujuta baadaye kwamba siku ile alicheka. Meneja alikunja uso, Injinia akatoa kifua, na mama, ambaye maisha yake yote alikuwa akizima moto wa wanaume kwa maneno ya asali, aliingia katikati.

"Basi wekeni yote mawili, wanangu. Baraka haikataliwi. Kila mtu na la kwake, moyo utulie."

"Lakini mama, fundi amesema moja," Kasuku alisema.

"Fundi ana ndugu humu? Wewe waache kaka zako. Mambo ya mashine hayo."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kuamua jambo la umeme kwa kutazama nani atanuna ni ujinga wa namna yake, na nyumba nyingi zinaujua.

Meneja alichomeka ruta yake kwenye modemu, kwa haki ya uzaliwa wa kwanza. Kutoka kwake, waya mmoja ulikwenda kwa Kasuku na mwingine ukapitishwa juu ya dari hadi karakana ya Injinia. Ruta ya pili ingeweza kutulia vizuri kama ingewekwa kwa adabu. Nyuma yake ilikuwa na matundu manne ya kugawa, na tundu moja la rangi tofauti la kupokelea kutoka juu. Kijitabu cha maelezo kilionyesha kwa picha kwamba waya unaotoka kwenye ruta ya mbele huingia kwenye tundu hilo la kupokelea. Injinia aliitazama picha ile akacheka kwa dharau.

"Tundu la kulishwa hilo," alimwambia Kasuku aliyekuja kuangalia. "Yaani mimi niwe nalishwa na kisanduku chake? Mimi silishwi na mtu. Cha kwangu kitagawa sawasawa na cha kwake."

Akauchomeka waya kwenye tundu la kugawa, na kisanduku chake nacho kikaanza kugawa.

Tangu saa ile nyumba ikapata wenye nyumba wawili. Visanduku vyote viwili vilitoka kiwandani na anwani ileile moja, na kila kimoja kilijiona ndicho chenye mamlaka. Kompyuta ikiwaka na kuomba anwani, vyote viwili viliitikia kwa pamoja. Iliyowahiwa na cha Meneja ilipata njia ya kutoka nje. Iliyowahiwa na cha Injinia ilionyeshwa mlango ambao nyuma yake kuna ukuta. Hata ile iliyokwisha kupata njia ilikuwa ikipotezwa katikati ya safari, kwa sababu ilipoita mwenye nyumba, hakuna aliyejua ataitika yupi.

Wao hawakuyaona hayo. Waliona tu kwamba intaneti inakuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Ikiondoka, Meneja alipiga kelele kuelekea uani, "Toa uchafu wako kwenye waya wangu!" Injinia naye alijibu kutoka uani, "Kisanduku chako kimechoka kama mwenyewe!" Kasuku aliketi chumbani, katikati ya sebule na ua, matusi yakipita juu ya kichwa chake. Siku ya majaribio ilikuwa inakaribia. Aliwaomba kwa upole, akawaomba tena kwa ukali, na kila mmoja alimjibu kwamba tatizo ni mwenzake.

Siku ikafika. Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana aliyevunjika mkono, kesi nyepesi iliyochaguliwa makusudi. Kasuku alianza vizuri, sauti yake imetulia, maneno yakipita kwake kama maji kwenye mfereji safi. Daktari aliuliza maumivu yameanzia wapi. Kijana akajibu. Kasuku alipofungua mdomo kutafsiri, skrini ikaganda. Ilirudi baada ya muda, ikaganda tena. Mara ya tatu, iliporudi, hakumkuta kijana wala daktari. Alimkuta msimamizi peke yake, mwanamke wa makamo mwenye miwani, asiyetabasamu ovyo.

"Lugha yako ni nzuri sana, dada," msimamizi alisema. "Nimekaa kazi hii muda mrefu, sisemi hivyo kwa kila mtu. Lakini mgonjwa haachwi akining'inia. Alhamisi ijayo asubuhi nitakupa mwingine. Sina ruhusa ya kukupa wa tatu."

Kasuku aliinama juu ya meza kwa hasira. Hakulia. Alitoka, akachukua vijitabu vyote viwili vya maelezo kwenye droo walikovitupa kaka zake, akaketi navyo siku nzima. Aliona kwenye skrini onyo ambalo kaka zake walikuwa wakilifunga bila kulisoma: anwani hii inatumiwa na kifaa kingine. Akachomoa kisanduku cha Injinia, mambo yakatulia. Akakirudisha, vurugu ikarudi. Hapo akajua. Aliuelewa ugonjwa ule kwa lugha ya watu, wala si ya mashine: wawili wanasema kwa wakati mmoja, na anayesikiliza haelewi.

Jumapili, baada ya chakula, aliwakalisha kaka zake sebuleni, mama akiwa pembeni.

"Kaka Meneja, Kaka Injinia, nisikilizeni, na leo msinikate kauli. Mwenye kugawa ni mmoja tu. Kisanduku kimoja kibaki kinagawa. Cha pili tutakibadilisha anwani na kukizima ugawaji, kibaki kinapitisha tu. Kompyuta zote zitapata. Hakuna atakayepungukiwa na kitu."

"Kipi kitakachozimwa?" wote wawili waliuliza kwa pamoja. Katika mwezi mzima hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

"Cha uani. Cha sebuleni kiko karibu na modemu, ndiyo sababu. Hakuna sababu nyingine."

Meneja alitabasamu. Lile tabasamu, laiti angelimeza! Injinia alilitazama, mishipa ya shingo ikamsimama, lakini akamtazama pia dada yake, aliyekuwa amekonda wiki ile, akashusha pumzi.

"Kwa ajili yako, Kasuku. Si kwa ajili yake."

"Ahsante, kaka. Niahidini wote kwamba hadi Alhamisi ipite, hakuna mkono utakaogusa kitu."

Waliahidi mbele ya mama. Meneja aliahidi kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano. Injinia aliahidi huku akitazama dari. Kasuku akaibadilisha mipangilio yeye mwenyewe, na kuanzia jioni ile kompyuta zote nne zilifanya kazi bila kukohoa. Jumatano, kwa tahadhari, alimwomba Meneja amruhusu aihamishie modemu chumbani kwake kwa asubuhi moja tu, achomeke kompyuta yake moja kwa moja, wengine wapumzike.

"Modemu ya nyumba haihamishwi hamishwi kama kuku anayeatamia," Meneja alijibu. "Imekaa panapostahili. Nimekwambia hakuna atakayegusa, na mimi nikisema nimesema."

Kasuku alimwamini. Katika mambo yote ya kisa hiki, hilo ndilo alilojilaumu nalo zaidi.

Yaliyotokea Alhamisi yanaweza kusemwa kwa maneno machache, na ni aibu kwamba yanatosha. Asubuhi ile alikuja jirani mwenye kibanda cha kunyolea nywele, kumsalimu mama. Meneja hakuweza kumwacha mgeni aondoke bila kujua nani ni nani katika nyumba ile. Alimwonyesha kabati, modemu na ruta yake juu ya kitambaa cha kufuma.

"Hiki ndicho kichwa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi uani, na alikusudia isikike. "Kile cha mdogo wangu ni tarishi tu. Kinabeba kinachoambiwa. Dada yetu mwenyewe amekata shauri, na yeye ana akili."

Jirani alicheka, kwa adabu tu. Injinia alikuwa kwenye mlango wa karakana, bisibisi mkononi. Kicheko kile kilimwingia kama pilipili jichoni. Alirudi ndani, akachukua pini, akaitia kwenye kitundu kidogo nyuma ya kisanduku chake, kile cha kukirudisha kilivyotoka kiwandani, akabana mpaka taa zote zikazimika. Zilipowaka tena, kisanduku kilikuwa kimesahau kila alichofundishwa na Kasuku. Kikaanza kugawa upya, kwa nguvu zake zote, kwa anwani ileile ya mwenzake.

Wakati huo Kasuku alikuwa amefunga mlango, hedfoni masikioni. Mgonjwa wake alikuwa bibi mzee, amelazwa, mkono wake mwembamba umefungwa bomba la dawa. Walikuwa wamekwenda vizuri kupita kiasi. Bibi alikuwa amekwisha kumwita "mjukuu wangu". Msimamizi, kwenye kona ya skrini, alikuwa ameandika jambo na kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika, na Kasuku aliliona. Daktari alikuwa akieleza upasuaji wa kesho yake, akauliza kama bibi ana jambo lolote ambalo hajalisema.

Bibi aliugeuza uso wake kwenye kamera, akapunguza sauti kama anayemnong'oneza mtu wa kwao.

"Mjukuu wangu," alisema, "mwambie daktari kwamba..."

Skrini ikaganda. Mdomo wa bibi ulibaki wazi.

Kasuku alisubiri. Akaita, "Bibi? Bibi, nakusikiliza." Akaona kwenye pembe ya skrini onyo lile, anwani hii inatumiwa na kifaa kingine. Alitoka mbio. Sebuleni aliwakuta kaka zake wawili mbele ya kabati. Intaneti ya Meneja ilikuwa imekatika pia, naye alikuwa amemwita Injinia kwa kelele, na Injinia alikuwa amekuja na kisanduku chake kwapani ili akichomeke mwenyewe kwenye modemu. Kila mmoja alishika waya. Jirani alikuwa amesimama mlangoni hajui aage au asiage, na mama alikuwa ameshika kiuno akisema, "Wanangu, wanangu."

"Achieni!" Kasuku alipiga kelele. "Achieni, kuna mtu mgonjwa ananingoja! Kuna mtu yuko kitandani ananingoja!"

"Mwambie kwanza huyu aachie," Meneja alisema.

"Mwambie yeye," Injinia alijibu.

Walikuwa wanaume wazima, wenye ndevu zenye mvi. Kasuku aliupata waya kwa kuung'ata mkono wa mmoja wao, wa nani hakujali, akauchomeka, akakimbia kurudi. Lakini waya ulikuwa umetolewa na kurudishwa ovyo, na modemu haikukubali kuongea tena mpaka izimwe na kuwashwa upya. Alirudi sebuleni kuizima na kuiwasha, ila mikono yake haikuweza kwenda haraka kama akili yake. Alipofika mara ya pili chumbani na skrini ikafunguka, daktari hakuwepo. Bibi hakuwepo. Alikuwepo msimamizi, miwani mkononi.

"Tulimpata mkalimani mwingine, akaendelea," msimamizi alisema. "Pole sana, dada. Nakwambia kwa moyo wote, pole sana."

"Alitaka kusema nini?" Kasuku aliuliza. "Bibi alitaka kumwambia daktari kitu gani?"

"Hiyo siwezi kukwambia. Wewe si mtumishi wetu."

Msimamizi hakusema kwa ubaya, ilikuwa sheria tu. Lakini hakuna tusi alilowahi kutukanwa Kasuku lililomfika kama sheria ile.

Siku ile hakutoka chumbani. Kesho yake alipotoka, aliwakuta kaka zake wakimngoja sebuleni, kila mmoja na kisanduku chake mapajani. Walikuwa wamekwisha kubishana mpaka wakachoka, na sasa walitaka hakimu. Hawakumuuliza kama amekula, wala habari za kazi.

"Kasuku, wewe ndiye unayeyaelewa haya," Meneja alianza. "Sema kweli mbele ya mama. Cha kwangu kilikuwa na kosa lolote?"

"Na cha kwangu?" Injinia alidakia. "Sema pia kama kisanduku chenyewe kina ubovu. Kisingiziwe tu kwa kuwa ni cha mdogo?"

Kasuku aliwatazama. Alikuwa amepanga matusi usiku kucha, ya lugha mbili. Yote yalimtoka kichwani.

"Kaka Meneja, kisanduku chako kilifanya kazi vizuri sana. Cha kwako pia, Kaka Injinia. Vyote viwili vilifanya kazi jana, tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hakuna hata kimoja kilichokosea. Mimi ndiye sina kazi."

Mama alikuwa akikunja kitambaa cha kabati, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hawa ni kaka zako. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, mama, tena kabla hata sijakasirika. Mimi nilitaka waya mmoja. Hukutaka kumuudhi huyu, hukutaka kumuudhi yule, ukasema wekeni yote mawili. Kati ya watu wote wa nyumba hii, wa kuudhiwa nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi sipigi meza. Leo naipiga." Akaipiga kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Mmoja wenu atoke katika nyumba hii. Yupi, amueni wenyewe. Na mkishindwa hata hilo, nitatoka mimi, na mtabaki hapa mkigawiana hewa!"

Hapo ndipo mama alipowatazama wanawe kwa jicho ambalo hawakulijua. Hakuna asali iliyotoka. Alisema neno moja tu, "Mmesikia," akaingia jikoni.

Injinia ndiye aliyehama. Hakushindwa hoja, ila alikuwa na kibanda mtaa wa pili chenye chumba cha kulala nyuma yake, na labda pia kwa sababu pini ile ilikuwa mkononi mwake. Alipakia kompyuta zake mbili kwenye mkokoteni, kisanduku chake akakibeba mwenyewe. Mlangoni alisimama mbele ya dada yake.

"Nisamehe, Kasuku. Nilidhani ni dakika moja tu."

"Nenda salama, kaka," alijibu, na hakusema kwamba amemsamehe, kwa sababu alikuwa hajamsamehe.

Meneja alimtazama mdogo wake mpaka mkokoteni ulipokata kona. Alikuwa amebaki peke yake na ufalme wake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Kwa sauti ndogo alimwambia Kasuku kwamba sasa anaweza kuihamishia modemu chumbani kwake ikiwa bado anaitaka. Kasuku akaihamisha.

Siku iliyofuata alifunga mlango, akawasha kompyuta, akavaa hedfoni kwa mazoea. Intaneti ilikuwa inakimbia kuliko alivyowahi kuiona. Hakuna kilichoganda, wala onyo lililotokea. Alikaa mbele ya skrini ile safi, mikono juu ya meza, akingoja sauti ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumletea tena, na akawa anajiuliza bibi yule alitaka kumwambia nini daktari. Sebuleni Meneja alitembea taratibu asimsumbue, kwa adabu ambayo kama ingekuja wiki moja mapema ingetosha. Kweli walionena hawakukosea: fahali wawili hawakai zizi moja.